Darasani Wananiita "Harambee"

Swali: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 16, nasoma kidato cha tatu hapa Mwanza. Baba ni Mjaluo wa Homa Bay, alikuja kwa biashara ya samaki akamwoa mama, Msukuma wa Magu. Naitwa Akinyi. Kule soko la samaki la Mwaloni jina hilo halimshtui mtu. Darasani sasa, mwalimu akiniita tu, wavulana wa nyuma wanapaza sauti, "Harambee!", eti mimi Mkenya. Nataka mtihani wa kidato cha nne nijisajili kwa jina la ubatizo, Neema. Baba sijamwambia. Na Kijaluo chenyewe najua salamu tu.
Msomaji, Kirumba

Jibu: Marahaba mwanangu. Tuanze na hao wa nyuma, maana wamefeli jiografia. Wajaluo wapo Rorya, mkoani Mara, Watanzania tangu mababu; nenda Shirati uone kina Akinyi walivyojaa. Mpaka wanaouchekea ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na sidhani kama kuna mvuvi aliyeulizwa.

Sasa makaratasi. Akinyi limeshapita kwenye cheti cha kuzaliwa, mtihani wa darasa la saba na wa kidato cha pili. Ukilichomeka Neema katikati, utatafuta wakili akuandalie hati ya kubadili jina, isajiliwe, na bado kila ofisi itakuuliza huyo Akinyi ni nani. Nimeona watu wazima wakihangaikia mafao kwa herufi moja tu. Kanisani na nyumbani itwa Neema, huko hakuna anayedai mhuri.

Kwa baba nenda, ila usianze na habari ya kubadili. Muulize nani alikupa jina. Akinyi ni wa asubuhi, hilo unalijua. Lakini Wajaluo wengi humpa mtoto pia jina la ndugu aliyefariki, pengine kwa sababu marehemu kamjia mtu ndotoni. Huenda unalo ambalo halikuandikwa popote. Akishanogewa, hapo mpenyezee la darasani. Wanaume waliohama kwao huwa wakali wakisikia jina linatupwa (wangu alikuwa hivyo, Mungu amrehemu), ila waulize habari za kwao uone kama watamaliza. Kijaluo nacho utakiokota humohumo.

Moja hukuuliza: uraia. Mama Mtanzania, baba Mkenya, na Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Kabla hujatimiza miaka 18, nendeni na wazazi Uhamiaji mkaulize taratibu. Mchukue cheti chako cha kuzaliwa. Halisi, siyo kivuli.