Simu kimya siku nne, traka bado inatembea: jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu kaka yake

Pole sana dada, umesema kaka yako yuko kwenye mbio za kuvuka Atlantiki kwa makasia, simu yake kimya siku nne lakini traka inaonyesha boti inatembea. Hiyo hali naijua ila kutoka upande wa pili, mimi nilikuwa ndani ya boti. Tulikuwa wanne, mbio hizi hizi za kutoka La Gomera, kisiwa cha Hispania, kwenda Antigua huko Karibi, simu yetu ya setilaiti ikafa tukiwa mbali katikati ya Atlantiki. Nyumbani watu hawalali, sisi huku tunapiga makasia kama kawaida na kugombana nani kamaliza chokoleti.

Kwanza tenganisha vifaa, maana watu wakisema mawasiliano yamekatika wanachanganya vyote. Simu ni kitu kimoja, traka ni kingine, EPIRB ni kingine kabisa. Traka kwa kawaida ina betri yake ndani na inatuma yenyewe mahali boti ilipo, hakuna anayeigusa. EPIRB ni kile kiboya cha dharura, kikiwaka ishara inapita setilaiti za Cospas-Sarsat mpaka kituo cha uokoaji, na kituo kinawapigia haraka wale walioandikwa kwenye usajili wa kile kiboya. Sasa wewe ulizia ni namba ya nani iliyoandikwa pale na hakikisha hiyo simu haizimwi. Kama hakuna aliyepigiwa, hiyo kwangu ni habari njema yenye uzito kuliko simu ya kaka yako kutopatikana.

Mbona simu ndiyo inatangulia kufa? Chumvi aisee. Ile sehemu ya kuchomeka chaja inaliwa na chumvi hata uifunike vipi, mikono yenyewe muda wote imelowa maji ya bahari. Halafu kuna umeme. Boti nzima inategemea paneli za sola, mawingu yakikaa siku kadhaa mfululizo betri inashuka na hapo mnaanza kuchagua, mashine ya kutoa chumvi kwenye maji inakula umeme mwingi lakini bila hiyo mnapampu kwa mkono masaa, kwa hiyo maji kwanza, taa na AIS, kifaa kinachotangaza boti iko wapi, ili meli zituone, usukani wa otomatiki kama bado unaweza, simu ya kusalimia nyumbani inakuja mwishoni kabisa.

Na hali ya hewa ikichafuka ndo kabisa. Mnashusha nanga ya parashuti, yaani kitambaa kama mwavuli kinachoshika maji ili boti isisukumwe ovyo, mnajifungia kabini, hachi zote, yaani milango ya kabini, zimefungwa. Hiyo boti ikipinduka inajigeuza yenyewe kwa sababu kabini zimejaa hewa, hachi ikiwa wazi maji yanaingia na haijigeuzi tena. Simu inataka kuona anga, na kama hamna antena ya nje inabidi mtu afungue hachi atoe kichwa. Hakuna mwenye akili atakayefungua ili aseme mambo vipi.

Sasa traka, hapa ndo kwenye majibu yako. Usiangalie kwamba inatembea tu, maana hata boti ambayo hakuna anayepiga kasia inasukumwa na upepo na mkondo kwenda magharibi. Angalia spidi, na ulinganishe na boti zilizo jirani nao. Wakiwa kwenye maili 2 au 3 za baharini kwa saa, usiku na mchana, mstari umenyooka, watu wako kwenye makasia, hakuna upepo unaoshika zamu za masaa mawili mawili. Wakishuka chini ya maili 1 na majirani nao wameshuka, ni hali ya hewa, wako kwenye nanga wamelala kama dagaa kopoani. Wakishuka wao peke yao, majirani wanakimbia, hapo ndo upige simu kwa ofisa wa zamu wa mashindano. Usimuulize kama wako salama, atakujibu ya kukutuliza. Muulize mara ya mwisho kuongea nao ni lini, walisema nini kuhusu betri, na kama kuna boti au meli karibu ya kuwaita kwa VHF, redio ya baharini, chaneli 16 ya kuitana. VHF kutoka boti fupi hivyo haifiki mbali, ila meli ikipita jirani inaongea nao na kupeleka ujumbe. Sisi tulitoa habari zetu hivyo hivyo, kupitia meli ya mizigo.

Kuna mdau hapo juu kasema zamani watu walivuka bila simu, mnadekezwa. Mkuu, mwaka 1966 timu mbili za watu wawili wawili zilitoka Marekani kuvuka Atlantiki kwa makasia. Timu moja, Ridgway na Blyth, walifika Ireland Septemba 3 baada ya siku 92. Timu ya pili, Johnstone na Hoare, daftari lao la safari liliandikwa mara ya mwisho tarehe hiyo hiyo, na boti yao ilikutwa imepinduka Oktoba, wao hawakuonekana tena. Zaidi ya mwezi hakuna aliyejua pa kuwatafuta. Dada, sikutishi, namjibu huyo tu, kaka yako ana traka na wale hawakuwa nayo.

Ukiongea na ofisa rudi hapa uweke spidi na uelekeo wa leo, na za boti mbili tatu za jirani, tuzisome pamoja. Na kama traka nayo ikinyamaza usisubiri jibu letu, mpigie ofisa saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane, ndo kazi yake.