Kabla hujanunua foku, iulize fremu yako

Juzi usiku msomaji mmoja alinitumia picha mbili. Ya kwanza ni fremu ya baiskeli ya alumini iliyovuliwa kila kitu, imeegemezwa ukutani. Ya pili ni foku nyeusi, yaani ule uma wa mbele unaoshika gurudumu na kuzama ukigonga jiwe, yenye miguu inayong'aa kama imetoka kiwandani jana. Chini yake ameandika: "Kaka, fremu yangu ilikuja na foku ya kuzama milimita 100. Hii ni 160, na hali yake ni safi. Nifunge?"

Nilimjibu: usifunge. Halafu usingizi ukanipaa, maana mtu aliyekwisha kukipenda kitu hazuiliki kwa neno moja. Mimi nilizuiwa na maandishi kabisa na sikusikia.

Baiskeli yangu ya pili ya milimani niliijenga kipande kwa kipande. Kwanza nilipata fremu ngumu isiyo na shokapu ya nyuma, kisha magurudumu, kisha breki za diski. Kila kilichofika nilikisafisha na kukifunga mwenyewe. Ikabaki foku. Karatasi ya fremu ilisema wazi kwamba mwisho ni milimita 120. Niliisoma, tena kwa sauti. Lakini aliyeniuzia foku aliniambia kwamba namba hizo huwekwa kwa ajili ya waoga, na kwamba foku ikiwa ndefu unapita popote. Nikaondoka na foku ya kuzama milimita 150, yenye miguu minene ya milimita 35. Nilijiona nimefika.

Mteremko wa kwanza ulinipa raha ambayo sijaisahau mpaka leo. Mawe niliyozoea kuyakwepa niliyapita juu kwa juu. Tatizo lilikuja kwenye kupanda. Gurudumu la mbele lilitangatanga kama mbuzi asiyetaka kuvutwa kamba, na pakiwa pakali zaidi linanyanyuka kabisa. Nikasogeza tandiko mbele. Nikashusha usukani. Nikabadilisha shingo ya usukani, kile kipande kinachoushika usukani juu ya foku, mara mbili. Nilihangaika na kila kitu isipokuwa chenye kosa, kwa sababu chenye kosa ndicho nilichokuwa najivunia mbele za watu.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa naiosha. Kitambaa kikanasa kidogo chini ya shingo ya fremu, lile bomba fupi la mbele foku inamopita, pale bomba la chini linapoungana nayo. Nikadhani ni tope lililokauka. Nikapitisha ukucha. Ulikuwa ufa, mwembamba kama unywele, umezunguka ukingo wa weldingi karibu nusu ya bomba, na rangi imeinuka pembeni yake. Nilikaa chini palepale kwenye maji. Siku mbili kabla nilikuwa nimeshuka mlima kwa kasi juu ya ufa ule.

Nieleze kilichotokea, kwa sababu hakuna aliyenieleza mimi. Foku ni wenzo. Ikirefuka, kila gurudumu linapogonga jiwe, shingo ya fremu inapigwa kwa nguvu kubwa zaidi kuliko aliyoipangia mtengenezaji. Urefu huo pia unalaza pembe ya usukani, takriban nusu digrii kwa kila milimita 10. Mimi niliongeza 30, yaani kama digrii moja na nusu. Ndiyo maana baiskeli ilitangatanga mlimani, na ndiyo maana hakuna tandiko wala usukani ambao ungeiponya.

Nilirudi kwa aliyeniuzia. Akaitazama fremu, akasema nilitua vibaya kwenye kuruka. Sijawahi kuruka na baiskeli ile. Maneno hayo bado yananiuma kuliko fremu yenyewe.

Kwa hiyo ndugu yangu, anza na fremu. Tafuta namba yake ya mwisho ya kuzama na uiheshimu. Kisha tazama shingo: kuna foku ambazo bomba lake la juu, linaloingia kwenye shingo, limenyooka, la inchi 1⅛, na kuna zinazonenepa chini hadi inchi 1.5. Iliyonyooka unaweza kuifunga kwenye shingo pana kwa kuwekea pete ya kupunguzia, lakini iliyonenepa haitaingia kwenye shingo nyembamba hata ukiibembeleza. Kisha ekseli. Gurudumu lenye kitovu cha upana wa milimita 110 haliingii kwenye foku ya 100. Shingo na ekseli unavipima kwa rula, bila kumwuliza muuzaji yeyote.

Baada ya fremu, jitazame wewe. Nina kilo 92, na springi ya chuma inayokuja na foku nyingi za bei ya chini ilinizamia nusu kabla sijaanza safari. Foku ya hewa unaipima kwa pampu hadi ikubebe wewe, si mtu mwingine. Na usinunue foku isiyo na mfumo wa oili wa kutuliza mrejeo. Ile hukurusha tu: inazama, kisha inakutupa juu wakati ambapo unahitaji tairi lishike ardhi.

Sasa hivi natumia foku ya hewa ya milimita 120, miguu ya 34, kwenye fremu nyingine ya aina ileile. Kuna kapete kadogo ka mpira kwenye mguu wa foku, kanakoonyesha imezama kiasi gani. Nilivaa kofia na begi lenye maji, nikakashusha hadi chini, nikakaa juu taratibu, nikashuka. Kalisimama kwenye milimita 27, sawasawa na nilivyotaka, kati ya asilimia 20 na 25 ya zile 120. Siku ileile nilipanda kilima kilichokuwa kinanishinda, gurudumu la mbele limetulia chini mwanzo hadi mwisho. Kuteremka na foku hii ni kugumu kuliko na ile ya 150, nakiri, lakini sijaitamani ile hata siku moja. Miguu ya chini naifungua kila baada ya saa 50 za kuendesha, nasafisha sili na kubadilisha oili. Fanya hivyo na wewe, hata ikiwa foku inaonekana nzima.

Msomaji wangu amejibu leo asubuhi. Ile ya 160 ameirudisha. Amepata nyingine ya 100, ya hewa, ekseli inalingana, na bomba lililonyooka kama la fremu yake. Nikamwomba apime urefu wa bomba, kwa kuwa mwenye nalo wa kwanza alilikata. Limebaki milimita 165. Shingo ya fremu yake ni 120, beringi na vifuniko vyake vinakula kama 20, na shingo ya usukani inahitaji 40. Zinapungua 15. Nimemwambia aiache, aendelee kutafuta.