Istiara, fumbo au katuni?

SWALI: Natafsiri maelezo ya maonyesho ya picha za kale za Uholanzi, zilizochapwa wakati wa vita na Hispania. Moja inaonyesha wanawake wenye minyororo wamempigia magoti mtawala. Rafiki yangu anaziita "katuni za mafumbo za uenezi". Nimfuate?

JIBU: Nadhani unaisema ile ya 1569 inayomsuta jemadari Alba, aliyetumwa na Mfalme Philip II wa Hispania mwaka 1567 kuzima uasi katika Nchi za Chini, yaani eneo la Uholanzi na Ubelgiji za leo. Wanawake hao 17 ndio majimbo 17 ya nchi hizo. Kardinali Granvelle, mshauri wa mfalme, anampulizia Alba sikioni kwa mivukuto ya mhunzi, na hati za haki za wenyeji zimechanwa, zimetupwa chini.

Jimbo kufanywa mwanamke ni tashihisi. Lakini tashihisi ni tofali moja tu la nyumba. Picha nzima, ambamo kila kitu kinasimamia kingine na vyote vinasimulia kisa kimoja, ni istiara. Usiichanganye na sitiari, ile ya "Juma ni simba". Asili yao ni moja, neno la Kiarabu lenye maana ya kuazima, ndiyo maana hata walimu huyagonganisha.

"Mafumbo" ndilo linalonikera zaidi. Fumbo hufumbwa, wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atang'amua. Mshairi Muyaka bin Haji alipotunga kuhusu ugomvi wa Mombasa na Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, alijua nani atamwelewa na nani atabaki anakuna kichwa. Wachapaji wa Uholanzi walitaka mnunuzi yeyote aelewe. Mara nyingi chini ya picha waliweka beti za maelezo, au herufi kando ya kila mhusika na ufunguo wake. Fumbo gani hilo linalouzwa pamoja na jibu lake?

"Katuni" itamfanya msomaji ajiandae kucheka, na nyuma ya Alba watu wanauawa. Iache.

Kuhusu "uenezi": Tanzania neno hili lina ofisi na katibu wake ndani ya chama, na halina ubaya. Tumia "propaganda", limeshakuwa Kiswahili. "Kasumba" nayo ni kile kinachobaki kichwani baada ya propaganda kufanya kazi yake. Haichapwi kwenye karatasi.

Basi andika "picha za istiara zilizochapwa kwa ajili ya propaganda". Ni ndefu, najua.

Tahadhari moja: ukikutana na ramani ya Michael Aitzinger ya 1583, ile ya majimbo yote 17 yaliyochorwa kwa umbo la simba, istiara haitakufaa. Pale hakuna kisa. Yupo simba tu, aliyetoka kwenye nembo za majimbo mengi kati ya hayo. Huyo mwite taashira, yaani alama inayosimamia kitu kingine.