Barua kwa mwanangu Kabula: jina la Speke lilikotoka na liliko sasa

Mwanangu Kabula,

Barua yako nimeipata, nami nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikitafuta habari za afya yako na mara ya pili nikilitafakari swali lako. Unasema kwamba basi unalopanda asubuhi huko Liverpool limeandikwa Speke kwenye kibao chake cha mbele, nawe ukajiambia kuwa bila shaka hapo ndipo alipotoka John Hanning Speke, yule msafiri Mwingereza ambaye ghuba yetu hii ya Ziwa Victoria, tunayoletewa dagaa na sangara kila siku, inaitwa kwa jina lake. Kisha ukawauliza wenzako wa kazini kama wanamfahamu mtu yeyote mwenye jina hilo, wakatikisa vichwa. Unataka kujua mambo mawili: kama mahali hapo ndipo asili ya Speke wetu, na kwa nini jina lililoenea hivi kwenye ramani ya Afrika ni adimu kwao wenyewe. Umemwuliza mwalimu mstaafu wa historia, kwa hiyo usilalamike barua ikiwa ndefu.

Kuhusu la kwanza, jibu ni hapana. Mahali unapopapita ni pa kale sana, kwani pameandikwa katika daftari kuu la ardhi ambalo Mfalme William aliamuru litengenezwe mwaka 1086, na humo jina lake ni Spec. Wataalamu wa majina ya mahali wanalirudisha kwenye neno la Kiingereza cha kale lililokuwa na maana ya vijiti na matawi ya kichakani. Ukipata siku ya mapumziko, nenda ukalitazame jumba la Speke Hall lililo karibu na uwanja wa ndege, lenye kuta za mbao nyeusi na lipu nyeupe. Hata hivyo usidanganyike na jina lake, kwa sababu walioanza kulijenga katika karne ya 16 ni ukoo wa Norris. Wakina Speke wa msafiri wetu hawakuwa wenyeji wa hapo.

Jina lao lilivuka bahari. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, walikuja na watu waliobeba lakabu za Kifaransa cha kale, na mojawapo ilikuwa Espec, au le Espec, ambayo wanaochunguza majina wanaieleza kuwa ni ndege kigogota, yule anayegonga shina la mti kwa mdomo kutafuta wadudu. Kwa nini mtu aitwe Kigogota? Labda pua yake ilikuwa ndefu, labda alikuwa mtu wa kelele, labda alikuwa mbishi asiyeacha jambo mpaka alitoboe. Wewe umekulia Usukumani na unajua jinsi lakabu inavyoweza kumshika mtu mpaka jina alilopewa na wazazi likasahaulika, kwa hiyo jambo hili halipaswi kukushangaza. Tofauti ni kwamba kwetu lakabu humalizika pamoja na mwenyewe, lakini kwao, kati ya karne ya 11 na ya 14, wakubwa wakitangulia na watu wa kawaida wakifuata, lakabu zilianza kurithiwa kama shamba linavyorithiwa.

Mtu wa kwanza mkubwa kulibeba jina hili ni Walter Espec, bwana wa Helmsley huko Yorkshire, aliyekuwa hakimu wa Mfalme Henry wa Kwanza katika nchi za kaskazini. Mwaka 1132 aliwapa watawa ardhi ya kujenga abasia ya Rievaulx, ambayo magofu yake bado yamesimama, na mwaka 1138 alikuwa miongoni mwa viongozi waliowashinda Waskoti katika Vita vya Bendera. Aelred, mtawa aliyekuja kuwa abate wa Rievaulx, ametuachia maelezo ya sura yake: mtu mrefu mwenye nywele nyeusi na ndevu nyingi, na sauti kama tarumbeta. Nakiri kwamba niliposoma habari ya sauti hiyo nilimkumbuka tena yule kigogota. Walter alipofariki hakuacha mtoto wa kurithi, na mali yake ikagawanywa kwa dada zake watatu. Mmoja wao, Adelina, alikuwa ameolewa katika ukoo wa Ros, na Helmsley ikahamia huko. Hapo jina la Espec likazimika kaskazini, ingawa damu iliendelea. Likumbuke jambo hilo, maana ndilo jibu la nusu ya swali lako la pili.

Watu wengine wa jina hilohilo walikuwa wamekaa kusini-magharibi, katika Devon. Huko kuna kijiji kando ya mto Exe, kaskazini kidogo ya mji wa Exeter, kilichokuwa kikiitwa Brampford, na kwa kuwa wakina Espec ndio waliokuwa mabwana wa ardhi hiyo, kikaja kuitwa Brampford Speke hadi leo. Hapa nakuomba uwe mwangalifu, kwa maana watu wengi hujikwaa. Kwa kawaida Mwingereza mwenye jina la kijiji alilipata kijijini: mtu alihama Preston, na alikohamia wakamwita Preston. Brampford Speke ni kinyume chake, kwani kijiji ndicho kilichovikwa jina la watu. Kwa hiyo Uingereza ina Speke mbili kwenye ramani, moja iliyotokana na vichaka na nyingine iliyotokana na ndege. Anayeziunganisha kwa sababu ya tahajia anafanya kosa lilelile la mtu anayedhani kwamba kila Juma ni ndugu wa Juma mwingine.

Kutoka Devon, kwa ndoa na urithi, ukoo ukaingia Somerset na kuota mizizi karibu na mji mdogo wa Ilminster, katika vijiji vya Whitelackington na Dowlish Wake. Walikuwa watu wa nafasi. Sir John Speke, aliyefariki mwaka 1518, ana kikanisa chake ndani ya kanisa kuu la Exeter. Lakini kisa chao ninachokikumbuka zaidi ni cha mwaka 1685, wakati Mtawala wa Monmouth alipoasi dhidi ya mfalme na kushindwa. Miaka mitano kabla, Monmouth alikuwa amekaribishwa kwa shangwe Whitelackington, na katika uasi wenyewe John Speke alijiunga naye kisha akakimbia. Ndugu yake Charles, ambaye husimuliwa kwamba kosa lake halikuzidi kumpa Monmouth mkono, alikamatwa na kunyongwa Ilminster, kwa hukumu za Jaji Jeffreys ambazo watu wa huko hawajazisahau. Yanasimuliwa pia maneno ya jaji huyo alipoombwa amhurumie kijana: kwamba ukoo wake unadaiwa roho moja, na atakufa kwa ajili ya mwenye jina lake. Sikupata kuona mahali pengine ambapo jina la ukoo limekuwa deni la namna hiyo.

Tawi kuu la Whitelackington lilikwisha kama lilivyokwisha lile la Yorkshire, yaani kwa binti. Anne Speke, mrithi wa mali hizo, aliolewa mwaka 1756 na Lord North, yuleyule aliyekuja kuwa waziri mkuu wakati makoloni ya Amerika yalipojitoa mikononi mwa Waingereza. Watoto wa Anne wakawa wakina North. Jina la Speke lilibaki kwa tawi dogo lililokaa Jordans, katika parokia ya Ashill, si mbali na hapo.

Sasa unaona mwenyewe uadimu unavyotokea. Jina kama Smith lilianza mara elfu, kwa sababu kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, na tawi moja likikatika mengine hayajui hata kwamba kuna msiba. Jina kama Speke lilianza kwa watu wachache, na kwa desturi yao linapita kwa mwanamume tu. Kila kizazi kikipata mabinti watupu, au wana wasiooa, au waliouawa vitani, tawi linafungwa hata kama wajukuu wapo tele. Katika miaka ya 1870 mwanasayansi Francis Galton, akisaidiwa na Henry William Watson aliyekuwa kasisi na mtaalamu wa hesabu, alilifanyia jambo hili hesabu, akiuliza uwezekano wa ukoo kufa jina kutokana na bahati ya uzazi peke yake, pasipo tauni wala njaa. Hesabu yao ilikuwa na kasoro katika hitimisho, lakini swali lilikuwa sahihi, na wanabiolojia wanalitumia hadi leo katika mambo yasiyohusu majina.

Ukitaka kulifuatilia mwenyewe, nchi uliyopo imekurahisishia kazi. Makanisa yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko kuanzia 1538, serikali ikaanza kusajili vizazi na vifo nchi nzima mwaka 1837, na sensa zimeorodhesha majina ya watu, nyumba kwa nyumba, tangu 1841. Sensa ya 1881 ndiyo inayopendwa na wanaochora ramani za majina, kwa sababu wakati huo familia nyingi zilikuwa bado hazijaenda mbali na chimbuko lao. Ukifungua ramani hizo, tafuta pia Speak na Speake, maana makarani waliandika walichosikia. Lakini usiwaingize wote katika ukoo mmoja. Wakina Speak wamejikusanya zaidi Lancashire na mpakani mwa Yorkshire, mbali na Somerset, na huenda baadhi yao ndio hasa watoto wa kile kitongoji cha basi lako.

Tuje kwa huyu wetu. John Hanning Speke alizaliwa mwaka 1827 Orleigh Court, Devon, akiwa mtoto wa tawi la Jordans. Hanning ni jina la kwao mama yake, na hiyo ni hila nzuri ya Waingereza ya kuokoa jina la upande wa kikeni lisipotee mara moja. Alipofika huku kwetu mwaka 1858 alikuwa na mkono mwepesi wa kugawa majina ya nyumbani. Mkono mmoja wa maji aliuita Jordans, kwa nyumba ya baba yake. Kilima alichopanda tarehe 3 Agosti, akaliona ziwa limetandaa mbele yake, alikiita Somerset, akieleza kwamba hakikuwa na jina la wenyeji. Mimi nimezaliwa kati ya vilima hivi na sijapata kuona kimoja kisicho na jina. Nadhani hakumwuliza mtu aliyefaa. Majina hayo hakuna anayeyatumia Mwanza leo. Hata Ghuba ya Speke hakuibatiza yeye. Aliyeipa jina hilo ni msafiri Stanley, mwaka 1875, alipopiga kambi Kageye kwenye ufuko huu wa Magu, na Speke mwenyewe alikuwa amekwisha kufa miaka 11.

Usimsahau pia aliyekuwa naye safarini. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, na aliporudi Zanzibar alirudi na jina la mji wa huko. Hivyo ndivyo hasa majina mengi ya Waingereza yalivyozaliwa, kwa mtu kuitwa kwa mahali alikotoka, isipokuwa kwamba yeye hakupachagua mahali hapo.

Speke alifariki tarehe 15 Septemba 1864, akiwa na umri wa miaka 37, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda ndege Wiltshire, siku moja kabla ya kukutana na Richard Burton, mwenzake wa safari ile aliyepinga dai lake kwamba ziwa letu ndilo chanzo cha mto Nile, mbele ya wataalamu mjini Bath. Hakuwa ameoa wala hakuacha mtoto. Mwaka 1867 Malkia aliipa familia yake heshima ya kuongeza alama katika ngao ya ukoo: maji yanayotiririka yaliyoandikwa jina la Nile, na pembeni wawili wa kuishika ngao, mamba upande mmoja na kiboko upande wa pili. Ukoo ulioanza na ndege wa msituni ukaishia kushikiliwa na wanyama wa ziwa letu.

Ndiyo maana leo utalikuta jina hilo kwenye kilele cha Rwenzori chenye mita 4,890, kwenye mabango ya hoteli na barabara ya Kampala, na kwenye jina la kisayansi la nzohe, yule swala wa vinamasi anayepatikana Rubondo, ambaye wataalamu humwita Tragelaphus spekii, lakini utahangaika sana kulipata kwenye mlango wa nyumba Liverpool. Wewe mwenyewe nilikuita Kabula kwa sababu ulizaliwa mvua ikinyesha, na jina la mwisho unaloliandika kwenye fomu za huko ni la babu yako, ambaye angeshangaa sana kuambiwa kwamba ni la ukoo.

Ukipata likizo, panda treni mpaka Crewkerne, kisha utafute usafiri wa kwenda Dowlish Wake, ambako Speke amezikwa katika kanisa la kijiji pamoja na wakubwa zake. Nipigie picha za mawe ya makaburi, uandike na tahajia ya kila jina kama ilivyo. Na ikiwa utaikuta ile ngao popote, mtazame vizuri yule mamba, uniambie kama aliyemchora alikuwa amepata kumwona mamba.

Mama yako,
Mwanza