Swali la Lugha: "Hali ya hewa ya anga" au "hali ya anga za mbali"?

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Malindi. Kikundi cha wavuvi kimeniomba niwaandikie ilani fupi kuhusu namna mataifa yanavyoshirikiana kufuatilia na kutabiri misukosuko inayosababishwa na jua. Mwenzangu ananishauri niseme "hali ya hewa ya anga", lakini huko hakuna hewa. Niandikeje? Na je, "dhoruba ya jua" inafaa?

JIBU: Mwalimu, hoja yako ya hewa ina mantiki, ingawa si hiyo inayonifanya nisite. "Hali ya hewa" limekwisha kuwa fungu moja la maneno, na anayelitumia kutaja mvua au kusi haifikirii hewa tunayovuta. Kasoro ni kwamba Wakenya wengi husema pia "hali ya anga" wakiwa na maana hiyohiyo ya mvua na upepo, kwa hiyo ukiyaunganisha mawili hayo, msomaji atangoja kuambiwa kama kesho kutanyesha.

"Anga za juu" lingefaa, isipokuwa lina utata habari inapohusu ndege. Tangu Novemba 2019 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lina vituo vinavyotoa taarifa kuhusu athari za jua kwa mawasiliano ya redio, kwa uongozaji wa ndege kwa setilaiti na kwa mionzi inayowafikia waliomo ndani, na ndege zenyewe hupita huko huko tunakokuita juu, kiasi cha kilomita 10 hadi 12. Ndiyo maana napendelea "hali ya anga za mbali". Neno "setilaiti" liache lilivyo. Si geni katika pwani ambako setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, nje ya Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970.

Kuhusu "dhoruba" ningekuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu ya hao watakaoisoma ilani yako. Mvuvi akisikia dhoruba huahirisha safari au huivuta mashua yake mchangani, ilhali msukosuko tunaouzungumzia hauinui hata wimbi moja. Ule wa Mei 2024 ulifika daraja la G5, la juu kabisa katika kipimo kinachotumiwa Marekani, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba 2003, na ulichovuruga ni usumaku wa dunia pamoja na ionosfia, tabaka la juu la angahewa ambamo mawimbi ya GPS na ya redio hupita. Huku kwetu karibu na Ikweta tabaka hilo huweza kutibuka baada ya jua kutua hata siku ambayo jua limetulia, na chombo cha GPS kikapotosha mahali ulipo. Basi andika "msukosuko wa usumaku wa dunia", kisha taja mara moja kinachoathirika. Vilevile epuka "jua limelipuka", maneno ya kumtia mtu kiwewe bure. Sema "mlipuko kwenye uso wa jua".

"Utabiri" libaki. "Ubashiri" siku hizi limetekwa na wacheza kamari wa mechi.

Penye ushirikiano ndipo wafasiri wengi huteleza, kwa kuandika kwamba nchi "zinashiriki data". Kushiriki ni kuwa na sehemu katika jambo. Data hupeanwa, au nchi hubadilishana. Na hazibadilishani kwa hisani tu. Hakuna nchi moja inayoliona jua saa zote, ndiyo sababu mtandao mmoja wa darubini za kulichunguza jua una vituo sita, California, Hawaii, Chile, Visiwa vya Kanari, India na Australia, ili linapotua kwa mmoja liwe limechomoza kwa mwingine. Kwa upande wa Afrika, kituo cha utabiri kilichoko Hermanus, Afrika Kusini, ni miongoni mwa vile vinavyopeana taarifa na vya mabara mengine.

Ilani yako ingeweza kusomeka hivi: "Vituo vya nchi mbalimbali vinavyofuatilia hali ya anga za mbali vimetabiri msukosuko wa usumaku wa dunia usiku wa leo. Bahari haitachafuka kwa sababu hiyo, lakini GPS na redio za masafa marefu huenda zikakosea au kukatika. Atakayetoka achukue dira."