Ndege ya bei rahisi au shirika kubwa kwa safari ya saa moja na nusu? Nina begi la kilo 20 na nikifika naunganisha ndege nyingine.

Kwa safari fupi hivyo kiti kisikuumize kichwa, siku hizi karibu vinafanana, na hata msosi usiufuate kule kwa wakubwa maana British Airways wenyewe walianza kuuza chakula daraja la kawaida safari fupi tangu 2017. Wewe umesema una begi la kilo 20 na ukifika unaunganisha ndege nyingine, basi hapo ndo kwenye ishu. Ile bei ya chini uliyoona ni ya mtu na kibegi cha kuingia chini ya kiti cha mbele, sasa jaza kila kitu mpaka ukurasa wa malipo, weka begi, chagua kiti kama unataka, halafu ndo ulinganishe. Mara nyingi tofauti inayeyuka hapohapo.

Cheki na uwanja pia, Ryanair, wale wa bei rahisi wa Ulaya, wanatua Beauvais na kuuita Paris wakati mpaka mjini ni kilomita 80 na kitu, nauli ya basi juu yako.

Ila kwa kuunganisha mi ningeenda na shirika kubwa bila kufikiria mara mbili, ilimradi zote ziwe tiketi moja. Ya kwanza ikichelewa wanakutafutia nyingine, begi linaenda lenyewe. Ukikata tiketi mbili tofauti, ukaachwa, hiyo ni juu yako na ya pili imeshaungua.

Ungekuwa na kibegi cha mgongoni tu na huunganishi popote, ningekwambia kata ya bei rahisi sasa hivi.