Rangi moja si jeraha moja
Ndugu yangu, unauliza kwa nini sisi wa Nairobi, weusi vilevile, tusilitumie lile tusi la Wamarekani weusi linaloanza kwa herufi N, ambalo wao wenyewe huitana kwalo. Naomba tuwaachie. Wao walitukanwa kwalo mnadani na katika mashamba ya pamba, ilhali babu zetu, waliovishwa kipande, yaani kitambulisho cha lazima, shingoni enzi za ukoloni, waliitwa ‘boi’ hata wakiwa na wajukuu. Tena hata kwao halijakubalika na wote, kwani NAACP, jumuiya ya kutetea haki za Wamarekani weusi, ililifanyia mazishi ya ishara mjini Detroit mwaka 2007. Juzi ndani ya matatu kondakta kijana alimwita hivyo mzee mmoja Mmarekani, naye mzee akageukia dirishani, asiseme lolote hadi aliposhuka.